Kupanda

Saa kumi na moja na robo. Kiboriloni bado giza,
ila mama wa uji ameshapuliza mkaa wake.
Nakagua upepo wa tairi kwa kidole gumba,
cheni nimeipaka oili ya cherehani,
spana namba kumi ipo, viraka vipo,
na ndizi mbivu tatu zitakazopondeka kabla hatujafika Kidia.
Ndetaramo kachelewa.
Ndetaramo huchelewa daima, halafu hunipita.

Lami inakatika bila kuaga
mbele ya duka lililopakwa rangi ya kampuni ya simu.
Toka hapo ni changarawe,
na changarawe ina lugha yake:
hukwaruza ukiwa katikati ya njia,
hunong'ona ukianza kukosea,
na ukibana breki ya mbele kwa pupa
haisemi kitu, inakulaza.

Napanda.
Kiswahili kimetuonea sisi watu wa mlimani,
neno moja wamelitwisha kazi zote:
bibi yangu Manka alipanda kahawa hapa,
mimi napanda baiskeli, barabara inapanda,
na sukari, ukiuliza dukani, nayo imepanda.

Gia ya kwanza.
Chini ya gia ya kwanza hakuna nyingine,
nimeitafuta kwa kidole mara tatu.
Migomba imesimama kandokando
kama washarika wanaongoja mahubiri yaishe.
Mfereji unateremka tunakotoka,
hauna jasho, wala haunitazami.

"Mzungu! Mzungu!" watoto wanaikimbilia kofia yangu ngumu,
kisha mmoja anaiona sura iliyo chini yake:
"Aa, kumbe mwalimu Eliaichi!"
Wanatawanyika wakicheka, wawili wakificha nyuso;
hao wana daftari sijazisahihisha.

Ndiyo, mwalimu. Jiografia, kidato cha pili.
*Kontua zikikaribiana, mwinuko ni mkali.*
Nimeiandika ubaoni miaka kumi na moja
kwa chaki, kwa mkono mkavu.
Leo mapaja yanaifundisha upya,
na mimi ndiye mwanafunzi wa nyuma kabisa darasani.

Baba hakuwa na gia.
Foniksi nyeusi, gunia la kahawa mgongoni mwake,
na kwa kuwa breki zilikwisha kitambo
alifunga tawi bichi kwa kamba nyuma ya tairi,
likaburuzwa na kufagia njia hadi chamani.
Tulijua amepita kwa kuangalia vumbi:
mfagio mpana, na katikati alama moja nyembamba.
Sikuwahi kumuuliza kama aliogopa.

Baada ya Kirua, korongo.
Mvua za Aprili zimeondoka na daraja,
zimetuachia nguzo mbili na gogo linaloteleza.
Naibeba baiskeli begani, naukanyaga mto, maji ya barafu,
na ng'ambo mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe
anasimama, mzigo hautikisiki, ananiangalia mpaka namaliza.
"Pole, baba," anasema. "Leo imekupanda yenyewe."
Akashuka, akavuka juu ya lile gogo, peku,
hata hakutazama chini.

Kisha Kilema, kisha kushuka, kushuka tu,
mikono imekufa ganzi, macho yanatoka machozi ya upepo,
kahawa, mahindi, alizeti, vumbi jekundu, joto,
na mlima nyuma yetu umejifunika kama mtu asiyetaka kuagwa.
Njia Panda ya Himo. Neno lilelile
lilikuwa limekaa bondeni siku zote likinisubiri.
Ndetaramo yuko kwenye mshikaki wa pili.

Anafungua simu kunionyesha tulikopita.
Kwenye korongo mstari ni mfupi, umenyooka,
utadhani tuliteleza kama siagi.
Nageuza shati: bega la kushoto lina duara jeusi,
meno ya sproketi, yote, unaweza kuyahesabu.
Jioni Aikande atauliza nimeng'atwa na nini.
Nitamwambia, na Kirua.